Sandarusi Katika Jino

Zahanati ya Salale,
Rufiji.
9 Februari 1957

Kwa Kaka yangu Mwinjuma bin Abdala,
Zahanati ya Kibiti.

Shikamoo, Kaka, na salamu za amani zikufikie wewe, shemeji Zamda na watoto wote. Sisi huku kisiwani tu wazima. Mwili wangu hauna neno. Kinachoumwa ni jina langu, na aliyelitia maradhi ni wewe. Kwa hiyo niwie radhi nikiweka hoja mbele kabla sijamaliza kukujulia hali. Nadai hivi: unga wa zinki uliokandwa kwa mafuta ya karafuu, ukichanganywa na sandarusi, ile gundi ngumu ya miti ichimbwayo ardhini, sehemu tisa kwa moja, huziba jino kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko unga huo ukiwa mtupu. Nitaitetea hoja hii kwako, kwa boma la Utete, na kwa yeyote mwenye meno.

Khamisi mchukuzi wa mpunga amenisimulia yote uliyoyasema Ijumaa iliyopita barazani Ikwiriri. Ati mimi, pamoja na stashahada yangu ya Makerere, nawapaka Waislamu vanishi vinywani. Ukaniita fundi milango, na mtu mmoja akauliza kama natengeneza na bawaba. Hapo hata mimi nilicheka, maana mzaha ulikuwa mzuri. Sikucheka niliposikia kwamba ulimsimamisha Mzee Tamimu na kumwashia tochi kinywani ili watu walione tundu lililobaki baada ya kizibo changu kudondoka. Wala sikucheka kusikia umewaandikia Utete ninyang'anywe mashine ya kukereza meno kabla ya mwisho wa mwezi. Mashine hiyo, wanayoiita cherehani ya meno kwa kuwa naiendesha kwa mguu, ikiondoka, delta nzima inabaki na koleo. Mwenye tundu la ukubwa wa punje ya ufuta atang'olewa jino zima, nawe unalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Ni kweli kwamba sandarusi, ambayo babu zetu waliichimba na kuiuza, hupakwa milango huko Ulaya. Je, kitu kikifaa mlangoni kimepoteza haki ya kufaa penginepo? Chokaa hujenga nyumba, na wewe huila kila siku katika tambuu yako, wala sijasikia ukiitwa mwashi.

Sikuanza na vinywa vya watu. Nilikata vipande vya matete, nikavijaza dawa, vingine ya unga mtupu na vingine yenye sandarusi, nikavichovya siku arobaini katika maji ya mto yaliyochanganyika na ya bahari. Kisha nikavitoa, nikaenda dukani kwa Bushiri na kuvibebesha mawe ya mizani kimoja kimoja. Vya unga mtupu vilipasuka kwenye ratili thelathini. Vyenye sandarusi vilivumilia mpaka hamsini na mbili. Bushiri mwenyewe aliyapanga mawe, na hana mapenzi nami hata kidogo.

Wala sifichi upungufu wake. Sandarusi ikizidi, dawa hubaki na unato na huyeyuka kwa joto. Bibi Sijaona nilimtilia sehemu moja kwa nne. Alipokunywa uji wa moto kizibo kililegea. Nilikitoa, nikamweleza kosa langu, nikamziba upya. Hayo yamo daftarini kwa tarehe yake.

Na daftari hilohilo lina Mzee Tamimu. Tarehe tatu Desemba sandarusi ilikuwa imeniishia na mvua imefunga njia, nikamziba kwa unga mtupu, uliotoka katika chupa uliyoniletea wewe, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Hakurudi. Ni mkata mikoko, na kamba ya kufungia boriti huikaza kwa meno. Tundu ulilowaonyesha watu ni ushahidi wangu, Kaka, si wako.

Sasa lipo jambo nililolinyamazia. Unakumbuka Maulidi ya mwaka juzi, nyumbani kwa mama, Dimani. Ulikuja shavu limevimba, na chupa ya dawa mkononi, ukanipa sharti nisichanganye kitu kingine chochote. Nilikubali. Ulipotoka uani kusukutua, mama alinisogezea kikombe cha sandarusi aliyokuwa amenitwangia kwa kinu chake, nami nikaitia. Lilikuwa kosa. Mgonjwa huulizwa, na wewe ulikwisha kukataa. Naomba radhi kwa hilo bila kisingizio, na Utete wakitaka kuniadhibu kwa hilo, waniadhibu.

Lakini Khamisi anasema kwamba baada ya kumketisha Mzee Tamimu ulifungua kinywa chako, ukaligonga gego la kushoto kwa kidole, ukasema: "Hii ndiyo dawa safi ya serikali. Mwaka wa pili huu, navunjia magando ya kaa." Gego hilo, Kaka, ndilo lenye sandarusi. Mama, niliyempitia Jumatatu, hakusema mengi. "Mwambie niliichekecha mara tatu."

Nisalimie shemeji Zamda, na umbusu Mwanawetu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini. Mimi nakuuliza jingine. Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili, baada ya sala, nitakuwa barazani Ikwiriri na daftari langu, na nimemwomba daktari wa boma awepo. Fungua kinywa mahali palepale ulipokifungulia. Akikuta kizibo kimepasuka, nitaikabidhi mashine kwa mikono yangu. Akikikuta kizima, wewe uitangaze kweli hiyo kwa sauti ileile uliyonitukania. Usinijibu kwa barua; nijibu pale, watu wakisikia.

Mdogo wako,
Bashiru bin Abdala