Hesabu ya Mbwa Mwitu wa Shangazi

Tarehe 19 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na maumivu ya mgongo yamepungua. Mimi ni mzima. Uliniagiza nisikufiche chochote cha likizo hii, basi naahidi kukueleza yote, hata yale yanayonitia haya.

Kwanza, ule utani wako kwamba dada yako alisoma miaka yote ile ili aje kuhesabu mbwa, nimemfikishia. Alicheka, akasema nikwambie hao mbwa wana adabu kuliko kaka yake. Baba, ungemwona kazini! Anawahesabu mbwa mwitu kwa picha, kwa sababu kila mmoja ana mabaka yake, kama sisi na alama za vidole. Ukuta wa chumba chake umejaa picha hadi darini. Anamtambua mbwa kwa baka moja tu, kisha anakutajia mama yake na bibi yake. Dereva wake anasema shangazi husahau siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, lakini ya mbwa hasahau hata moja.

Miaka sita amengoja wafike sitini. Wakifika, kundi moja litahamishiwa msitu mwingine ambako walikwisha kabisa. Wakihamishwa mapema, watakaobaki watakuwa wachache mno, na ugonjwa mmoja tu unaweza kuwamaliza. Alinipa picha za mwisho nizipange, nikapata jumla ya sitini na mmoja. Shangazi alinikumbatia, akapeleka taarifa kwa mkurugenzi wa hifadhi, na lori la kuwahamisha likaagizwa.

Sasa nakiri. Jumanne niliona picha ya mbwa anayejigeuza, mbavu zote mbili zikionekana, nikagundua kwamba mabaka ya kushoto hayafanani na ya kulia. Mimi nilidhani kila ubavu ni wa mbwa tofauti. Watatu nimewahesabu mara mbili. Wako hamsini na wanane tu. Nilinyamaza siku mbili, Baba. Shangazi alikuwa anafunga vifaa huku akiimba. Alhamisi nilimweleza huku nalia.

Hakunigombeza. Alivaa miwani, akazipitia picha moja moja, akasema ni kweli, kisha akampigia simu dereva asitishe lori. Alisema heri kungoja tena kuliko kuwamaliza kwa haraka zetu. Halafu akamwandikia mkurugenzi kwamba kosa ni lake. Nilipolalamika, alisema aliyetia saini ndiye mwenye hesabu, na akanikataza kulizungumza. Sasa ofisini wanamtania kwamba uzee umemwingia, naye anacheka nao.

Baba, sijawahi kumwona mtu kama yeye. Nikikua nataka niwe hivyo.

Nisalimie Mama na wadogo zangu, uwaambie nimewakumbuka. Lakini nijibu upesi, kwa maana likizo inakwisha: nimtii shangazi, au niende kwa mkurugenzi nikamwambie aliyekosea ni mimi?

Binti yako,
Mama Maswali, kama unavyoniita