Ruhusa ya Kuweka Kopo Makaburini

12 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na unapanda kwenda kwenye kengele bila kushika ukuta. Mimi sijambo, ila macho yanachoka. Kazi ya kusaga lenzi za miwani ya watu inakula macho ya msagaji, na fundi mkuu anasema Mungu naye ana utani wake. Chumba ni kile kile juu ya duka la matairi. Nguo zangu zote zinanuka mpira, nimeshazoea.

Nina ombi, na kwa kuwa simu kwako ni kelele tu, naliandika vizuri. Kuna mchezo tunaoucheza huku, watu wazima na akili zetu. Mtu anaficha kopo dogo lisiloingiza maji, ndani yake kidaftari na kipande cha penseli. Anaandika kwenye mtandao tarakimu za mahali alipolificha, na simu za wengine zinawaongoza hadi pale pale. Ukikosea hatua tatu wanakulalamikia. Anayelipata anaandika jina lake na tarehe, analirudisha, anakwenda zake. Hakuna zawadi. Lakini kila kopo lina ukurasa wake wa maelezo, na mtu husoma habari za mahali kabla hajafika.

Nataka kuweka moja katika uwanja wa kanisa, kwenye nguzo ya uzio iliyo karibu na mama. Halikai juu ya kaburi wala hatuchimbi, sheria zinakataza. Nitaandika jinsi alivyokuwa anashona akiimba nusu ya wimbo tu, kila siku nusu ile ile. Huu ni mwaka wa nane tangu mumzike, na sijasimama pale hata dakika moja. Karatasi zangu za kuishi huku bado ziko mezani kwa watu, nikitoka sirudi. Basi angalau mtu mwingine asimame badala yangu. Waendesha baiskeli wa safari ndefu wanapita barabara hiyo, na wengi wao wanacheza.

Sharti ni ruhusa ya maandishi kutoka kwa wenye uwanja. Wewe ndiye mtunza kanisa, kamati inakusikiliza. Niombee.

Mwanao, Chiriku


2 Machi

Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenikuta mzima, na mguu haujambo ukilinganisha na mwenye mguu. Punguza kazi ya jioni, macho hayana duka.

Kumbe umri huo bado unacheza kombolela. Nililifikisha ombi kwenye kikao. Mweka hazina aliuliza kama kopo linalofichwa makaburini si hirizi, na kama ni hirizi, ni ya kumroga nani, maana yeye ana maadui wake anaowajua. Watu walicheka mpaka mchungaji akagonga meza.

Lakini hawakukubali. Wanasema makaburi si mahali pa michezo. Mimi ni mfagiaji na mpiga kengele tu, siwezi kupingana nao. Liache, mwanangu. Liweke kwenye bustani huko huko uliko.

Mvua zimechelewa. Shangazi yako anakusalimu.

Baba yako


19 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mguu haujambo, nimesikitika kwa mengine.

Naambatanisha barua kwa kamati nzima. Nimeeleza kila kitu: kopo ni la ukubwa wa kidole gumba, hakuna atakayekuja wakati wa ibada, na wakichoka nalo wanaling'oa siku hiyo hiyo. Tafadhali wasomee. Isome taratibu, wewe ukisoma hadharani unakimbia kama umefukuzwa.

Baba, usiponiombea wewe nani ataniombea? Mlimzika siku ya tatu na mimi nimeshika simu kwenye ngazi za nyumba ya watu. Sikulaumu, maiti haisubiri. Lakini kila mtu ana mahali pa kumwendea mama yake, na mimi nina barua yako tu uliyoniandikia baada ya maziko: hatua ishirini na mbili kutoka mlangoni, kisha tisa kushoto. Nimeisoma mpaka imekatika kwenye mikunjo.

Mwanao, Chiriku


30 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Sote wazima.

Barua yako ninayo. Kikao hakijakaa kwa sababu ya mvua, kisha mwenyekiti alisafiri. Nitawasomea wakati ukifika. Haraka haraka haina baraka.

Vaa sweta.

Baba yako


21 Mei

Baba,

Shikamoo.

Nimeshindwa kusubiri, nikamwandikia mkunga wa zahanati, yule niliyesoma naye. Ana simu nzuri na ana miguu. Nilimwomba aende kanisani, ahesabu hatua kutoka mlangoni kama ulivyoniandikia, asimame kwa mama, anipigie picha na kunitumia tarakimu za pale.

Alihesabu ishirini na mbili, akahesabu tisa kushoto, akafika kwenye tangi la maji. Akarudi mlangoni, akaanza upya na hatua fupi zaidi. Tangi la maji tena. Picha ninayo hapa: tangi jeusi, bomba, na kokoto mpaka kwenye uzio. Gari la mchungaji limeegeshwa. Sioni msalaba hata mmoja wa mbao.

Uliniambia kanisa ni jipya, nikafurahi nawe. Hukuniambia lolote kuhusu makaburi.

Jambo jingine. Mkunga alikutana na mwenyekiti hapo uwanjani, akamuuliza kwa nini kamati ilikataa kopo langu. Mwenyekiti alishangaa. Alisema walikubali tangu Februari, na wanangoja wewe uwaonyeshe nguzo.

Mama yuko wapi?

Chiriku


9 Juni

Mwanangu,

Salamu leo zinanitia aibu, lakini siwezi kuanza bila salamu. Natumaini u mzima. Mimi mguu ni ule ule.

Mkunga hakukosea kuhesabu, wala mwenyekiti hakusema uongo. Kamati ilikubali siku ile ile waliyocheka. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba wamekataa.

Kanisa la zamani lilipobomolewa, miaka minne iliyopita, ilitakiwa njia ya malori ya mchanga, na baadaye mahali pa kuegesha magari. Makaburi yaliyojengewa saruji yaliachwa. Yetu sisi, ya udongo na msalaba wa mbao, yalikuwa arobaini na matatu, na wenyewe hawakutaka yaguswe. Nikasimama mkutanoni. Nikasema, ondoeni misalaba, sawazisheni, kila aliyelazwa hapa nimemwandika kwenye daftari langu na nitamwonyesha ndugu yake alipo hata nikitolewa usingizini. Daftari lile wote wanalijua. Wakaniamini, wakatia saini. Wa kwanza kutia saini nilikuwa mimi, na msalaba wa mama yako niliung'oa kwa mikono yangu ili wenzangu waone sina wasiwasi.

Kwenye daftari kila mstari unaanza vile vile: kutoka mlangoni, hatua kadhaa. Miaka thelathini na moja nimepima hivyo, kama alivyonifundisha mtunza aliyenitangulia. Mlango ule ulikuwepo kabla sijazaliwa. Haikunijia hata siku moja kwamba mlango nao ni kitu cha kubomolewa. Kanisa jipya limesogea nyuma na limegeuka, linatazama barabara. Mawe ya msingi wa zamani yaling'olewa yote yakatumika kwenye ujenzi. Siku ya kwanza nilipotoka na daftari kumwonyesha mtu kaburi, nilisimama kwenye kokoto nisijue pa kuanzia.

Aliyekuwa ananingoja ni mjane wa fundi baiskeli. Ana maua mkononi. Nilizunguka kidogo kama mtu anayehesabu, nikamwonyesha mahali. Akapiga magoti pale, akalia, akanishukuru. Baada ya hapo ningewaambia nini waliobaki? Nimewaonyesha wote. Kila mmoja ana mahali pake, na ninapakumbuka vizuri, kwa sababu nimepatunga mwenyewe.

Nawe ungeniuliza nikakuonyesha kwa mbali, kwa barua, ungeridhika. Lakini ulitaka tarakimu, na watu wenye simu waje wasimame juu ya uongo wangu wakidhani ni mama yako. Hilo nilishindwa.

Yumo humo uwanjani. Zaidi ya hapo sijui.

Baba yako


14 Agosti

Chiriku,

Natumaini u mzima. Hujajibu, na sikulaumu. Nilifikiri labda posta, kisha nikaona nisijidanganye, nimejidanganya vya kutosha.

Jumapili ya mwisho ya Julai niliomba kusema baada ya matangazo. Nilisoma kwenye karatasi, taratibu, kama unavyonishauri siku zote. Nilisema yote. Hakuna aliyepiga kelele. Heri wangepiga. Mjane wa fundi baiskeli alinifuata nje, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza saa: miaka minne hii maua yake amekuwa akimwekea nani. Hajaniamkia tena, nami huwa nampisha njiani.

Kuna waliokwenda kwenye kokoto na kamba, wakijaribu kukumbuka mlango ulikuwa wapi. Mmoja anasema usawa wa tangi, mwingine anasema palipo na choo. Kila mmoja ana hakika yake. Walikaribia kushikana mashati, mchungaji akawatawanya.

Funguo nimezirudisha. Kengele anapiga mwingine, na anaivuta vibaya.

Naambatanisha ruhusa yako. Mwenyekiti ameiandika upya na kupiga muhuri: unaruhusiwa kuweka kopo moja kwenye nguzo yoyote ya uzio wa kanisa, upande wowote. Aliniuliza upande gani, nikamwambia aandike wowote.

Nijibu hata kwa kunitukana.

Baba yako


3 Novemba

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Macho yamepata miwani, nimejisagia mwenyewe.

Nimekuandikia barua nne nikazichana. Hii naituma kwa sababu ni fupi.

Ruhusa nimeipokea. Nilikaa kitandani nikafungua ukurasa wa kopo, nikaandika habari za mama, na wimbo wake ule wa nusu. Zilinitoka vizuri. Kisha nikafika mahali pa kujaza tarakimu. Nilikaa hapo mpaka wa duka la matairi akashusha mlango wake. Nikafuta yote. Mchezo huu ni wa kijinga, lakini anayeficha lazima ajue alipoficha.

Nina hasira nawe. Nimejaribu kuiondoa, haiondoki, na sitaki kukudanganya kwamba imepoa. Nina hasira kwa msalaba, na kwa miezi ile uliyonizungusha na mimi nakupamba kwa fundi mkuu kwamba baba yangu ananiombea kwa kamati. Hata hivyo nikifikiri ulivyosimama peke yako mbele ya watu na karatasi yako, usingizi unanipaa.

Karatasi zangu zimerudishwa tena, wanataka nianze upya. Fundi mkuu anasema miaka mitatu, pengine mitano. Wewe una miaka sabini na minne. Nadhani umenielewa.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na hili usiniahidi bure. Niambie wewe utalazwa wapi. Niambie ukiwa bado unaweza kwenda kusimama hapo mwenyewe.

Mwanao


25 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kuona maandishi yako. Hasira yako nimeipokea, ikae huko inakokaa, hainisumbui kama kimya.

Uwanja wa kanisa umefungwa, hawaziki tena pale. Makaburi mapya yako nyuma ya shule, penye mteremko. Nilikwenda juzi na mkunga baada ya zamu yake. Mwenyekiti alitutangulia kutuonyesha mistari. Nilimwomba aniombee nafasi ya mwisho upande wa chini, kwa sababu huko hakuna lori litakalotaka kupita. Alisema hiyo haihitaji kikao, akaandika jina langu kwenye orodha hapo hapo, akaondoka. Alikuwa na haraka, au hakupenda kubaki nami.

Nilisimama mahali penyewe. Mkunga alisimama pembeni yangu na simu yake. Tarakimu za mwisho zilikuwa zinabadilikabadilika, nikamwambia basi, haitawezekana, akanijibu, mzee, tulia, huwa hivyo. Tukangoja. Mguu uliniuma lakini sikusogea, nisije nikakuharibia. Zilipotulia alinisomea moja moja nami nikaziandika. Kisha nikamsomea yeye, akasema sawa. Tulirudia mara tatu.

Nimekuandikia kwenye kipande cha karatasi ngumu, kimo ndani ya bahasha, usikitupe ukidhani ni cha kushikia barua. Mkunga atakutumia pia kwa simu yake. Sikuhesabu hatua kutoka popote.

Hapo ndipo nitakapokuwa. Ukifika, hata ikiwa ni baada ya miaka mingapi, utanikuta.

Tarakimu za mama yako sina.

Baba yako