Mkono wa Kumpa Mkwe

Meknes,
21 Septemba 2017

Mdogo wangu mpendwa Mfeddal,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Rkia na wanangu wote walioko huko Lyon. Vipi mgongo wako, umepona au bado unalala sakafuni? Binti yetu Ghizlan ni mzima, anahangaika na maandalizi ya harusi. Mimi si mzima, nawe wajua, lakini barua haiwezi kuanza hivyo.

Yale magamba uliyoyaona viwikoni mwangu mwaka juzi sasa yameshuka hadi mikononi. Naamka asubuhi nakuta kitanda kimejaa unga mweupe. Daktari amesema mara ngapi kwamba hayaambukizi! Sawa, lakini siwezi kualikwa mahali nikaenda na daktari.

Mwezi wa nne, siku ya posa, tulikuwa kwa Haj Bousselham, baba wa bwana harusi. Kuku akaletwa kwenye sinia, mkate ukamegwa, nami nikakunja mkono wa kanzu nisogee. Mama wa kijana akaniwahi na sahani na uma. "Baba Ghizlan, wewe tumekuwekea yako, ule kwa raha zako." Raha zangu! Nilikula peke yangu, na Ghizlan akainamisha kichwa hadi chai ikaja. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu.

Tangu hapo nikawa na neno moja tu kichwani. Siku ya ndoa nitampa mkwe mkono mbele ya mashahidi na kumwozesha mwanangu wa pekee. Huo mkono lazima uwe mkono wa kushikika.

Hamamuni, kule kwenye bafu la mtaa, nimeacha kwenda. Unakumbuka ilivyo: unamwambia yeyote aliye karibu akusugue mgongo, kisha nawe unamsugua wake. Mara ya mwisho niliwaomba watu watatu. Mmoja akakumbuka ghafla kwamba amechelewa, wa pili akajifanya hasikii, wa tatu akahamisha ndoo yake. Nikatoka na sabuni mgongoni.

Kwa hiyo, wiki mbili zilizopita, nilikwenda spa, huko mji mpya, mabibi wanakopakwa matope usoni. Usicheke. Nilinyoa ndevu, nikavaa koti. Msichana wa mapokezi akaniuliza kama nimemfuata mke wangu. Nikamwambia mke wangu yuko makaburini, mimi nimekuja kwa ajili ya ngozi. Maskini, akakosa pa kutazama.

Aliyenihudumia ni kijana mmoja, Anouar. Alivua glavu zake za mpira, akanishika mkono kwa mkono mtupu, akaugeuzageuza bila haraka. Mfeddal, tangu Zhor wangu afariki hakuna mtu aliyenishika hivyo. Machozi yalinilenga, nikajifanya nakohoa.

"Baba, hii ngozi haisuguliwi hata kidogo," akaniambia. "Tutaipaka mafuta na udongo, polepole, wiki hadi wiki. Ukiichokoza tu, inakuja juu."

"We kijana, mimi mtu wa Meknes. Mtu asiposuguliwa ameoga nini?"

Akacheka. "Haya baba, usinitie matatani. Ngoja nikalete udongo."

Akatoka. Nami nikaona pale rafuni kitambaa cha kusugulia, kile kigumu alichotusugulia mama hadi tukalia. Wiki hadi wiki, na harusi iko mlangoni? Nikakichukua. Nilisugua mikono, nikasugua kifua, nikasugua mpaka shingoni, na magamba yakaanguka yote. Chini yake ngozi ikatoka nyororo, ya waridi. Anouar aliporudi alishika kichwa. "Baba, umefanya nini?" Mimi nilikuwa najitazama kwenye kioo nikicheka peke yangu. Nilirudi nyumbani kwa miguu na mikono ya koti nimeikunja.

Siku ya nane yakarudi. Yalitoka kila nilipopitisha kile kitambaa, hata kifuani na shingoni ambako hayakuwako kamwe. Daktari anasema nimeyaita mwenyewe, na kabla ya miezi kadhaa hayatatulia, kama yatatulia. Harusi ni tarehe saba Oktoba. Sina la kufanya tena, ndugu yangu, nimechoka.

Basi ombi langu ni hili. Njoo uwe wakili wangu. Kaa mahali pangu, mpe mkwe mkono, umwozeshe Ghizlan. Watu tutawaambia nina homa.

Jana nilimweleza Ghizlan kwamba ami yake ndiye atakayemwozesha. Nikamngoja aseme, la baba, haiwezekani. Aliendelea kukunja nguo. Kisha akaniuliza kama utakuja kwa ndege au kwa meli.

Msalimie Rkia, na Soulaimane, na Aouatif mdogo. Mwenyezi Mungu akuhifadhi mwili mzima na akufikishe salama.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Jilali