Kizimba cha Karani

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwetu. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Baba ni mzima wa mwili, ila macho yanazidi kumtupa mkono. Mimi nipo. Usishangae simu yangu haipatikani, nimeizima makusudi. Ukipiga, baba hutaka spika iwashwe, na haya si ya kusikia yeye. Ndiyo maana barua hii nimempa nesi jirani yetu anayetangulia huko.

Ulipotuma tiketi, baba alisema hapandi ndege bila Karani. Unamjua mbwa huyo: akikaa getini, hapiti mtu bila kukaguliwa. Basi tukaanza hekaheka. Daktari wa mifugo akamchoma chanjo ya kichaa, akamsikiliza moyo, akasema ni mzee lakini atafika. Baba naye, fundi seremala asiyejua kustaafu, akachonga kizimba akipapasa mbao badala ya kuziona. Watu wa ndege wakakikataa, eti hewa haitoshi. Akarudi akatoboa matundu pande zote, huku akiwateta kwamba abiria wao wenyewe wamewabana kama kuku.

Tuliagizwa tumzoeze Karani kulala humo mlango ukiwa umefungwa. Hakutaka hata kidogo. Alilia mpaka sauti ikakauka, na baba akakaa naye sakafuni, vidole ameviingiza matunduni. Aliniuliza huko kwenye mizigo kuna giza kiasi gani. Nikamwambia sijui. Nilimkumbusha pia kwamba daktari amekataza dawa ya usingizi, moyo wa mbwa hautastahimili. Akaitikia ndiyo, ndiyo. Sijui kama alisikia.

Jumapili asubuhi nilimkuta kando ya kizimba, uso umemchanua.

"Usimwamshe," akaniambia. "Leo kalala kama mtoto. Ameshajua kusafiri."

Dada, Karani alikuwa wa baridi, amekakamaa. Jikoni nilikuta kichupa cha vidonge vya usingizi vya baba, kitupu, na bakuli lenye mabaki ya nyama.

Nilirudi kwa baba. Kisha nikajisikia nikisema kwamba watu wa ndege wameamua mbwa watangulie, gari liko njiani. Nikakibeba kizimba. Baba akanifuata hadi getini akiwa ameshika mbao, akamuaga kwa jina. Nilimzika nyuma ya karakana ya rafiki yangu, humo humo kizimbani.

Sasa kila tukila ananiuliza kama umesema Karani kafika. Ijumaa atashuka huko, na swali lake la kwanza unalijua. Mwambie alifia njiani. Walaumu watu wa ndege, au nisingizie mimi, sema nilimfunga vibaya. Lolote, dada, ila vidonge usivitaje. Alivisaga kwa kijiko ili mbwa wake asiogope giza.

Wasalimie shemeji na watoto, uwabusu kwa niaba yangu. Na baba akitoka nje, mshike mkono. Amezoea kuongozwa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba