Robot ya Malvern Haikuwamo Kwenye Risala

Jumatatu, Agosti 2018. Baridi kavu, upepo wa vumbi, midomo imepasuka. Moyo umechafuka tangu jana.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama chetu, Mzee Shomari. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Tendaji. Mashehe na wachungaji. Wazee wetu wa Yeoville. Mama zetu wa Malvern. Na mwisho kabisa, kama ilivyo desturi, wanachama wa kawaida, ambao ndio pekee waliokuja na shida: itifaki imezingatiwa.

Haya nayaandika katika shajara yangu ya mtandaoni, na najua mnaisoma. Nilipoandika humu kwamba ubwabwa wa arusi ya mpwa wake Katibu ulikuwa mbichi, Katibu alinipigia simu kabla ya adhuhuri. Basi lisomeni na hili.

Jana tulimpokea diwani.

Nasema tulimpokea, kwa sababu kumpokea mtu ndiyo kazi tunayoiweza. Tulitandika meza kuu kitambaa cha satini. Tulimvika kitenge. Tulimwimbia. Kisha tukaanza kutambuana, na utambulisho ukachukua saa nzima: kila aliyetambuliwa alisimama, akapunga mkono, akamtambua aliyemtambua. Mwenyekiti akafungua kikao kwa hotuba juu ya umoja wa Afrika, Watanzania na Wakongo na Warundi na Wakenya, damu moja, jua moja. Kabla ya chai alikuwa amekwisha kuliunganisha bara lote. Kiti cha tatu kutoka mlangoni kilikuwa kimevunjika mguu, na mzee mmoja alikikalia kwa kuegemea ukuta muda wote huo, hakuna aliyemwona.

Kisha ikaja risala. Risala, kwa wale wa Johannesburg waliokwisha kusahau ya nyumbani, ni ile hati ambayo wenye shida humsomea mgeni rasmi, wakimsifu ukurasa wa kwanza ili awasikilize ukurasa wa mwisho.

Mwandishi wa risala ni mimi. Ni mwaka wa sita sasa. Nimezaliwa Tanga, nafundisha siasa chuoni Braamfontein, na kila anapokuja mkubwa, Chama hunijia mimi kwa kuwa, wanasema, nina Kiswahili cha kuvaa suti.

Kitu kimoja tu kilitakiwa kiwemo katika risala ya jana.

Alhamisi iliyopita Mama Sifa alikuja ofisini kwangu. Ni fundi cherehani, Mkongo wa Uvira, ana kibanda cha kushonea Malvern, pembeni mwa njia panda. Alipanda ngazi zote kwa fimbo, kwani mwezi wa tano aligongwa na teksi pale pale mbele ya kibanda chake, na goti halijarudi kama lilivyokuwa. Hakukaa. Alisema:

"Mwalimu, naomba kitu kimoja tu. Mukiandika maneno ya diwani, mutie robot."

Robot ni taa za barabarani. Hapa hata mchungaji akiwa madhabahuni huziita hivyo. Ile ya kwenye njia panda yake imezimika tangu kabla ya Pasaka. Teksi hazisimami, zinapiga honi tu na kupita. Binti yake, Divine, mwenye miaka minane, anavuka hapo kila asubuhi kwenda shule.

"Nitaitia, Mama Sifa," nikamwambia. "Usiwe na wasiwasi."

Nikaitia kweli. Niliandika: "Robot ya njia panda iliyo mbele ya kibanda cha Mama Sifa, Malvern, haiwaki. Itatengenezwa lini?" Kisha nikaisoma risala tangu mwanzo kwa sauti, kama nifanyavyo siku zote, na nilipofika kwenye sentensi ile nikaona haya. Ilikaa kati ya aya zangu kama mtu aliyekuja arusini na kandambili. Robot? Kibanda? Mbele ya mgeni rasmi?

Nikaifuta.

Mahali pake nikaweka: "changamoto mbalimbali za miundombinu."

Naungama hapa, mbele ya Kamati Tendaji, kwamba niliridhika. Nilitabasamu peke yangu. Yale maneno yalipita ulimini kama siagi, na hayakugusa kitu chochote duniani.

Nilisoma kwa Kiswahili, Katibu akatafsiri. Ukumbi ulipiga makofi mara nne. Diwani akasimama, akasifu kitenge, akasema amezisikia changamoto zetu na zinafanyiwa kazi. Makofi ya tano. Akaondoka na pilau iliyofunikwa vizuri. Sikumlaumu jana wala simlaumu leo. Tulimwuliza nini hata atujibu?

Mama Sifa alinikuta kwenye foleni ya chakula, akiwa na wenzake wawili.

"Mwalimu, robot ilipitia wapi? Nilisikiliza mpaka mwisho, sikuisikia."

"Ilikuwamo, Mama Sifa. Ilikuwamo ndani ya changamoto za miundombinu."

Akanitazama. Akaitazama sahani yangu. Akanitazama tena.

"Kumbe! Basi ni miundombinu ndiyo ilinigonga?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Eish, Mwalimu, mwenzako anatembea na fimbo, wewe unatembea na maneno." Nami nikacheka pia, kwa adabu, kama mtu aliyemwagiwa mchuzi na mwenyeji.

Sikula.

Hapa sina budi kumtaja mtu ambaye sijawahi kuonana naye. Muhula huu nafundisha juu ya mabunge, na darasani nimejipatia kichekesho changu: mbunge mmoja wa Ayalandi, wa jimbo la mashamba na mvua, mbali na mji mkuu wao. Kumbukumbu za bunge lao husomeka mtandaoni, nami nimezisoma kwa miezi, mwanzoni kwa udadisi, baadaye kwa raha mbaya ya kumdharau mtu.

Mtu huyu humwuliza waziri mzima kwa nini ua wa miti umeachwa ukaziba kona ya barabara fulani. Anauliza posta ya kijiji fulani itafungwa au haitafungwa. Anauliza ajuza fulani atapasuliwa jicho lini. Anauliza basi linalopita mara mbili kwa wiki litapita mara tatu lini. Dunia inawaka, bara lake linajadili mipaka na wakimbizi na hatima ya vizazi, yeye anauliza juu ya ua wa miti.

Niliwasomea wanafunzi maswali yake kwa sauti ya kuigiza. Nikawaambia: "Hili si bunge, hili ni duka la spaza la mtaani, kila mteja anaitisha kiberiti chake." Walicheka sana. Ila binti mmoja, aliyekulia kijijini Limpopo, aliinua mkono akauliza, "Lakini Dokta, walimjibu?"

Nikamwambia hilo si swali la kinadharia.

Naliandika jibu hilo hapa ili nisije nikajifanya sikulisema.

Leo asubuhi nilikwenda Malvern. Sikuwa na darasa hadi saa tano, na usingizi ulikuwa umenikimbia mapema. Saa moja kasorobo nilikuwa kwenye njia panda. Robot ile imesimama, macho yake matatu meusi, nguzo imebandikwa matangazo ya waganga. Na katikati ya barabara, juu ya fimbo yake, amesimama Mama Sifa.

Kwenye ncha ya fimbo amefunga kitambaa chekundu, mabaki ya gauni la msimamizi wa arusi. Anakiinua, teksi zinasimama, watoto wanavuka. Anakishusha, teksi zinakwenda. Watoto kumi na tano, labda ishirini, wa Kizulu, wa Kikongo, wa Kimsumbiji. Nilidhani anamvusha binti yake. Kumbe anavusha mtaa.

Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani. "Hey, Mama Robot! Leo hakuna green?"

"Green utapata kwa bibi yako!" akamjibu. "Simama!"

Dereva akacheka, akasimama. Wanajuana. Amewazoesha kwa miezi mitatu, kila siku ya shule, kwa goti lile.

Aliponiona hakushangaa. Alichechemea hadi ukingoni, akanitilia fimbo mkononi. "Shika, Mwalimu. Mimi mguu umechoka."

"Nifanyeje?"

"Usihutubie. Inua tu."

Niliingia barabarani na koti langu la chuoni. Nikainua. Teksi iliyokuwa inakuja haikunijua. Ilizidi kuja, na katika sekunde zile niliona wazi kwamba shahada zangu tatu hazina uzito wowote mbele ya bampa. Ikasimama hatua moja kutoka gotini mwangu. Dereva akanitukana kwa Kizulu. Maneno sikuyaelewa yote. Maana niliipata yote.

Divine akavuka. Hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anabishana kwa Kizulu na mwenzake juu ya penseli.

Nikashusha fimbo, nikarudi ukingoni. Mama Sifa aliniambia nimeiinua chini sana, kesho niinue juu. Kisha akafungua kibanda na kukaa kwenye cherehani, akanyoosha mguu mbaya mbele yake, akakanyaga pedali kwa ule mzima.

Kazi moja, mguu mmoja, kitambaa kimoja. Na sisi tuna Kamati Tendaji.

Mchana, ofisini, nilirudi kwenye kumbukumbu za yule mbunge kutafuta jibu la binti wa Limpopo. Sikuwahi kuyasoma majibu. Nilikuwa nayaruka kwenda kwenye swali jingine la kuchekesha. Nilichagua swali moja, la daraja dogo lililovunjika kingo, ambalo mama mmoja hulivuka kwenda kliniki. Jibu la kwanza la waziri: suala linafanyiwa kazi. Sauti ile naijua, niliisikia jana ukumbini. Baada ya wiki chache mbunge akauliza tena: linafanyiwa kazi na nani? Akajibiwa. Akauliza tena: lini? Akakwepwa. Akauliza vile vile, neno kwa neno, kama mtoto anayeomba maji. Mara ya tano jibu likataja mwezi, na idara, na aina ya mbao.

Kila swali lina namba yake. Chini ya kila swali lipo jina la mwenye wajibu wa kulijibu. Hakuna aya ya sifa. Hakuna jua moja wala damu moja.

Nisieleweke vibaya: hotuba zake bado nazidharau. Ni ndefu, zina kelele, na huwalaumu watu wa mji mkuu kwa kila kitu isipokuwa mvua, na nadhani hata mvua anawashuku. Siwezi kukaa naye meza moja dakika kumi. Lakini mtu huyu nisiyemheshimu anajua jina la daraja. Mimi ninayeheshimiwa niliifuta robot kwa kuwa ilinichafulia ukurasa.

Sisi watu wa risala tuna kosa letu wenyewe, na sidhani kama lipo kwa wengine. Tunadhani ombi likivuliwa mapambo ni utovu wa adabu. Tunampamba mgeni, tunalipamba ombi, tunapamba hata shukrani kwa jambo ambalo bado hatujapewa. Tukimaliza, mgeni anaona mapambo, nasi tunarudi nyumbani tukisifiana. Mwenye shida anabaki kwenye foleni ya pilau akiuliza shida yake ilipitia wapi.

Mimi ndiye fundi mkuu wa mapambo hayo. Dharau niliyompelekea Mwayalandi ilikosea anwani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, na wote niliowataja kwa vyeo vyenu hapo juu, natangaza lifuatalo, na Jumapili mtaombwa kulipitisha kwa kuinua mikono.

Mimi siandiki tena risala. Sentensi niliyoifuta nimeirudisha, iko peke yake kwenye karatasi, na leo saa nane nimeikabidhi ofisini kwa diwani kwa mkono wangu, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala. Inaomba jibu la maandishi. Jibu likiwa ni kwamba linafanyiwa kazi, tutaipeleka sentensi ile ile tena, neno kwa neno, na tena, hadi litajwe jina la mwezi.

Na hadi robot iwake, Mama Sifa hatasimama tena barabarani. Tutasimama sisi. Orodha ya zamu nimeibandika mlangoni mwa ukumbi alasiri hii. Nimeipanga kwa itifaki, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho Chama hiki hakijawahi kukikosea: anatangulia mwenye cheo kikubwa, wanafuata Kamati Tendaji, kisha mashehe na wachungaji. Wanachama wa kawaida watapumzika.

Mzee Shomari, kesho ni Jumanne. Saa moja kasorobo, njia panda ya Malvern. Fimbo na kitambaa utapewa kibandani.

Usihutubie, Mzee wangu. Inua tu, na uinue juu.