Hatukwenda Niagara

Mwanangu Neema,

Leo ni Siku ya Kanada, na tangu asubuhi sijatulia. Nimefagia nyumba mara mbili. Nimeshuka kwa lifti, nimetembea hadi kituo cha basi cha Dixon Road hapa Toronto, nimerudi bila kupanda basi lolote. Majirani wote wamevaa nyekundu. Nikiona mtoto mwenye fulana nyekundu nakuona wewe, miaka kumi na mmoja, umekaa kiti cha mbele cha gari letu na miguu umeiweka juu ya dashibodi.

Mama yako alikuwa amefariki miezi mitano kabla. Tulitoka Ottawa, tulikoishi wakati ule, alfajiri ya siku kama ya leo, na nilikuwa nimekwambia tunakwenda kutembea: Toronto kutazama besiboli, kisha Niagara kuona maporomoko. Uliimba hadi Kingston. Tuliposimama kununua maji ulifungua buti kutafuta kofia, ukaniuliza kwa Kiingereza chako, "Baba, mbona umeleta sanduku kubwa? Si tunalala siku mbili tu?"

Nikasema hali ya hewa haitabiriki. Ilikuwa Julai, Neema.

Sandukuni mlikuwa na nguo zako zote. Shangazi yako Anna, wa Pickering, alikuwa anasafiri kwenda Tanzania kesho yake, na tiketi yako ilikuwa mkobani mwake. Nilikuwa nimepanga ukaishi Morogoro kwa bibi yako. Kila mtu alijua isipokuwa wewe. Nilijiambia nitakueleza njiani. Kingston ikapita, Belleville ikapita, Oshawa ikapita.

Tukafika uwanjani. Paa lilikuwa wazi, tumekaa juu kabisa karibu na ndege weupe wa ziwani, watu maelfu wamevaa nyekundu wakiimba wimbo wa taifa. Ulishika glavu ya kudakia aliyokununulia mama yako, ukisubiri mpira ambao usingeweza kufika kule juu. Mimi nilikuwa nainuka kila baada ya dakika chache. Nilikwenda kununua bisi. Nikaenda chooni. Nikaenda kununua soda wakati ya kwanza hujaimaliza.

"Baba, kaa," uliniambia. "Unakosa mchezo."

Nikakuuliza mchezo wenyewe ni upi, maana naona mtu anapiga mpira, anakimbia mzunguko mzima, halafu anarudi palepale alipoanzia na watu wanamshangilia.

Ulicheka sana. "Ndiyo mchezo wenyewe, Baba. Lazima urudi nyumbani."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinifungua mdomo. Nikasema, "Neema, kesho hatuendi Niagara." Nikakueleza yote, haraka haraka, macho yangu yakiwa kwenye nyasi. Nilisema nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee na siwezi kukuacha peke yako. Nilipomaliza, mchezaji wetu mmoja akaupiga mpira ukaenda kuangukia kwenye viti vya watazamaji. Uwanja mzima ukasimama, watu wasiojuana wakakumbatiana. Sisi wawili tu ndio tulibaki tumekaa.

Ukaniuliza kwa Kiswahili, wewe uliyekuwa hunijibu kwa Kiswahili hata nikikubembeleza: "Nimekukosea nini?"

Nilikwambia ule bisi.

Kesho yake kwenye uwanja wa ndege ulinipa mkono, kama mtu anayemuaga mwajiri wake. Uliporudi baada ya miaka miwili ulikuwa mrefu kama mama yako, Kiswahili chako safi kuliko changu. "Shikamoo, Baba." Bibi yako alikulea vizuri mno. Ila hukuniomba kitu tena. Hata viatu vilipokubana ulinyamaza mpaka mwalimu akanipigia simu. Sasa wewe ni muuguzi huko Halifax, unanipigia Jumapili, unauliza kama nimekula, unashukuru, unakata. Mazungumzo ya dakika nne. Nikiweka simu chini natembea sebuleni mpaka miguu iume.

Basi ngoja nikujibu. Hukunikosea kitu. Wala haikuwa kazi ya usiku; meneja alikuwa amekubali kunihamishia zamu ya mchana, barua ninayo. Ulikuwa unacheka kama mama yako. Unakohoa kama yeye, unafunga milango kama yeye. Kila nilipokusikia jikoni nilidhani ni yeye, na kila mara nilifiwa upya. Nikashindwa. Nilikuwa mtu mzima, nawe mtoto, na wewe ndiye niliyekubebesha mzigo huo. Hata shangazi yako Anna sijamwambia haya. Naomba unisamehe, na kama huwezi, sitakulaumu.

Jumamosi naanza safari ya gari kuja Halifax. Ni siku mbili, nitalala njiani. Nimeshaomba ruhusa kazini, matairi yamekaguliwa. Safari hii nakwambia mapema inakoelekea na kwa nini. Sitaki kukushtua mlangoni. Ukisema nisije, nipigie tu, hata nikiwa nimeshapita Quebec nitageuza gari na sitauliza sababu. Usipopiga, nitaegesha mbele ya jengo lako Jumapili jioni na kusubiri ushuke. Niulize lolote. Nitakaa.

Ni mimi,
baba yako