Jogoo Juu ya Kandili

Kaka Mussa,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Nataka nikupe yangu. Chande nimempata. Nimempata kwao, mchana kweupe, mbele za watu, na pedi ya gemu iko mkononi mwake mwenyewe. Tulia nikusimulie, na leo usinikatize kama ulivyozoea.

Unakumbuka alivyoileta ile gemu kutoka Kariakoo? Ruksa ya biashara ilikuwa imekolea, maduka ya Kibiti yamejaa redio na sabuni za kila rangi, na yeye tayari alikuwa na banda la video na jenereta linalonguruma mpaka stendi. Gemu yenyewe ya Kijapani, maandishi yake hakuna aliyeyajua. Wenzio wakawa wanabonyeza tu, ngumi na mateke. Wewe ngumi ulikuwa huna habari nazo. Ulikuwa unaangalia kuta, mabango, na watu waliosimama nyuma ya ugomvi.

Yule muuza samaki mwenye jicho moja, wewe ndiye uliyesema ni jambazi wa mkanda wa mapanga mliouona Idi, hata kijiti mdomoni anacho. Wakaurudia mkanda, wakakuta kweli. Mpiga gita mwenye nywele kama kiota, ukawapeleka mpaka kwa kinyozi ukawaonyesha bango: huyu hapa. Ulikuwa ukicheka, unasema, "Wajapani wajanja, wametufichia watu humu ndani wanatuchungulia." Na miye nilikuwa nachungulia kwenye tundu la makuti kwa nje, maana msichana kuingia banda la video ni maneno mji mzima. Nilikuwa najivunia kaka yangu mpaka maandazi niliyokuwa nakaanga pale nje yananiungulia.

Kisha ukaiona kanga ya Bibi.

Kule ndani ya gemu, kwenye mtaa wa bandarini, dirisha la juu, kitambaa kimeanikwa. Pindo jekundu, katikati jogoo mweusi kasimama juu ya kandili. Ulipiga ukelele nikausikia nje. Nani asiyeijua kanga ile? Bibi hakuwa na nyingine aliyoipenda, na alikuwa akiiita Japani yangu. "Japani yangu iko wapi? Nani kaigusa Japani yangu?" Tumekua na maneno hayo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza kwa nini anaiita hivyo.

Hujaonyesha hata ni nyumba ipi, Chande akazima televisheni. Petroli imekwisha, ati! Akakugeukia mbele ya vijana wote: "Wajapani wamjulie wapi bibi yako?" Wakacheka. Tangu siku hiyo pedi hukuishika tena, na kila akifika bandarini mwenyewe alipita mbio. Najua kilichokuwa kinamuuma. Banda lake, jenereta lake, lakini vijana walikuwa wanaingia kukusikiliza wewe. Wakakubandika jina, Bibi Japani, na jina likakuganda. Ulikuwa unapita sokoni umeinamisha kichwa, wewe uliyekuwa unatembea ukiimba. Roho iliniuma, Kaka. Iliniuma sana.

Hata homa ilipokupanda kichwani ulinishika mkono ukasema, "Tatu, dirisha la juu. Kaangalie." Mama alidhani unaweweseka. Miye nilijua unanituma.

Sasa sikia alichofanya siku ya msiba wako. Alikuja. Angeachaje kuja, na kwao na kwetu ni watani tangu mababu? Akajifunga kanga kiunoni, akashika kifuu cha nazi kama pedi, akawa anabonyeza huku kakodoa macho: "Bibi! Bibi! Nimekuona Japani!" Watu wakaangua kicheko. Hata Mama alicheka, machozi yanamtoka, maana ndiyo kazi ya mtani msibani, amwigize marehemu ili wafiwa wapumue. Na mtani hajibiwi kwa hasira. Ukimkasirikia mtani, wewe ndiye huna adabu. Nikauma ncha ya kanga yangu mpaka ikatoboka. Nikasema moyoni, haya, Chande, zamu yako itafika.

Wewe umelala, lakini jina halikulala. Likahamia kwa mwanao. Zena akitoka chuo cha Kurani analia, watoto wanamwita mtoto wa Bibi Japani. Siku moja akaniuliza, "Shangazi, baba alikuwa mwongo?" Nilikwenda kufungua sanduku la Bibi, nikaitoa ile kanga, nikaifua, nikaiweka tayari.

Ndipo akafa mjomba wake Chande, mzee wa watu, Mungu amrehemu, naye sina neno. Nilizika nao, nikatulia. Siku ya kuondoa matanga nikajitanda Japani ya Bibi, nikaingia kwao kwa vigelegele, moja kwa moja mpaka bandani, nikaibeba gemu yake kichwani. Mtani akichukua kitu msibani hanyang'anywi, hukombolewa. Wakanitajia kuku, nikakataa. Wakanitajia mbuzi. Nikasema sitaki mbuzi, nataka Chande awashe jenereta, atuchezee mpaka bandarini, wazee wote waone. Loo, watu walivyofurahi! Televisheni ikatolewa uani, ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, wakaitandia shuka isipigwe na jua.

Chande alicheka mwanzoni. Akapita kwa muuza samaki, akapita kwa mpiga gita. Bandarini kule madirisha ni mengi, Kaka, nyumba nzima nzima za madirisha, na miye nilikuwa bado sijafungua mdomo kusema ni lipi. Nilikuwa nimenyamaza makusudi. Hakuuliza. Akapita nyumba ya kwanza bila kuinua macho, akapita ya pili, akafika ya tatu, vidole vikasimama. Jicho likapanda lenyewe dirisha la juu, akalishusha upesi, akataka kuondoka. Nikamwambia, "Hapo hapo."

Nikaivua kanga, nikaitandaza kando ya televisheni. Jogoo na jogoo, kandili na kandili. Bibi Salama, yule aliyeuza nguo Ikwiriri zamani, akasogea na fimbo yake akaangalia, akasema kanga zile zilikuwa zikichapwa Japani, zinakuja na meli, na huyo mchoraji wa gemu huenda mama yake alikuwa kiwandani. Wengine wakasema, "Ni yenyewe! Mussa wa watu, ni yenyewe!" Zena alikuwa amenishika sketi. Nikamnyanyua, nikamwambia Chande amwambie yeye, si miye. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba yako hakuwa mwongo." Nikamwambia arudie wasikie na wa nyuma. Akarudia.

Watu walidhani yamekwisha hapo, wakaanza kupiga makofi. Lakini miye nilikuwa nimeviona vile vidole. Alijua! Alijua siku ile alipozima televisheni, alijua akiwa na kifuu mkononi anamchekesha Mama juu ya maiti yako. Alijua dirisha, alijua nyumba. Utani ni mchezo, na mchezo hauna kinyongo. Hiki hakikuwa utani.

Alinifuata mlangoni, ananiita mtani wangu, mtani wangu, tusameheane. Nilimrudishia gemu yake, sikumrudishia neno.

Kanga nimempa Zena. Amejitanda nayo kwenda chuoni, inaburuza chini, na hakuna aliyemwita jina.

Na hii ndiyo ahadi yangu kwako, Kaka, na dada zetu wote nimeshawaapisha. Siku ya Chande ikifika, tutakwenda. Tutavaa vizuri, tutakaa mkekani, tutatoa pole kama wageni waliotoka mbali. Hatutamwigiza, hatutaiba hata kijiko chake. Wanawe watatutazama, watangoja tuanze, na sisi tutanyamaza. Atazikwa kimya, kama mtu asiye na watani duniani.

Lala sasa. Dirisha nimeliangalia.

Dada yako,
Tatu